Kufuata Nasaba ya Kichocho, Unguja hadi Pemba

Jumamosi, bandari ya Malindi, Unguja

Boti imetushusha saa sita mchana. Mimi ni daktari wa mifugo kutoka Tanga, maisha yangu ni ng'ombe na mbuzi, na watu wa kichocho huwa hawanikumbuki. Safari hii wamenikumbuka kwa sababu wamekwama kwenye swali lenye pembe: mnyoo wa kichocho cha ng'ombe ameingiaje Pemba?

Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba Unguja na Pemba zina mnyoo mmoja tu wa jamii hii, Schistosoma haematobium, yule anayewafanya watoto wakojoe damu. Kichocho cha tumbo, kile kinachowasumbua watu wa Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, huku hakiambukizwi. Halafu miaka ya karibuni watafiti waliokuwa wakipima konokono wa kaskazini ya Pemba wakakuta ndani yao Schistosoma bovis, mnyoo wa ng'ombe. Konokono ni yule yule, maji yale yale, na viluwiluwi, yaani minyoo wachanga, wanaotoka humo hata ukiwatazama kwa hadubini huwezi kujua yupi ni wa nani. DNA ndiyo iliyowaumbua.

Kiongozi wetu amesomea jeni za minyoo. Namwita Dada ingawa kwa umri ningeweza kumzaa, naye ananiita Dokta kwa sauti ya mtu anayejua kwamba shahada ya udaktari hasa anayo yeye. Yupo pia kijana wa konokono, ambaye kazi yake ni kuingia majini wengine tukiwa ukingoni tunatoa ushauri. Mizigo yetu ni machekeche yenye mipini mirefu, gamboti, hadubini, sahani za plastiki zenye vishimo, na boksi la glovu ndefu zinazofika kwapani. Hizo glovu nimekuja nazo mimi. Ni za kupimia mimba ng'ombe, na kijana amezishangilia kuliko kitu kingine chochote tulichobeba.

Jumapili, Kinyasini, Unguja

Kijito kinapita kati ya mashamba ya mpunga, maji ya magoti, mayungiyungi yametanda. Kijana anaburuza chekeche chini ya majani, anainua, anatikisa, anamwaga kwenye beseni. Tope, vijiti, mdudu mmoja mwenye hasira, kisha konokono.

Akaniwekea mmoja kiganjani, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. "Dokta, shika ncha iangalie juu, mdomo wa ganda ukuelekee. Mdomo uko upande gani?"

"Kushoto."

"Basi huyo ni Bulinus."

Konokono wengine wengi wa maji baridi mdomo wao uko kulia. Kulikuwa na mmoja aliyepasuka ganda chekecheni. Alipombonyeza kidogo likatoka tone jekundu. Ukoo huu una himoglobini kwenye damu, kama sisi. Miaka yote hii nakanyaga mabwawa ya mifugo sikuwahi kuliona hilo kwa macho.

Tuliwapanga kila mmoja kwenye kishimo chake, tukatia maji safi ya chupa, tukaweka sahani juani. Kichocho cha watu kinafuata saa za watu: viluwiluwi hutoka mchana jua likipanda, wakati watoto wanaogelea na akina mama wanafua. Dada anasema kuna mnyoo wa karibu sana na yule wa kichocho cha tumbo, Schistosoma rodhaini, ambaye anaishi kwenye panya. Viluwiluwi wake hutoka usiku, panya wakiwa matembezini. Na tabia hiyo ya saa inarithiwa. Imo kwenye jeni.

Ilipokaribia saa sita kishimo kimoja kikaanza kuchafuka. Nikainama kwenye hadubini. Viluwiluwi wana kichwa kirefu na mkia uliogawanyika panda, na wanaogelea mkia ukitangulia: wanapanda kwa fujo, wanaacha, wanashuka polepole kichwa kikining'inia, wanapanda tena. Hawafiki milimita moja. Kila mmoja ana nguvu za kupenya ngozi ya mtoto, na ana saa chache tu za kumpata kabla hajafa.

Dada anawanyonya mmoja mmoja kwa pipeti nyembamba na kuwadondosha kwenye kadi za FTA. Ni karatasi nene iliyotiwa kemikali. Seli zinapasuka papo hapo na DNA inanata kwenye nyuzi, inakaa miaka kwenye droo bila barafu. Mtu aliyewahi kusafirisha sampuli za damu kwa basi la mikoani anaweza kulia kwa furaha akiiona.

Nilimuuliza kwa nini anachukua wachache kutoka kwa konokono mmoja wakati wako mamia. Kwa sababu wote ni kitu kimoja. Yai likianguliwa linatoa kiluwiluwi wa kwanza, huyo anaingia kwenye konokono na humo anajizidisha bila jike wala dume, hadi maelfu, wote nakala ya yule mmoja, na wote jinsia moja. Ukisoma mmoja umewasoma wote.

Jumatatu, kusini, kisha melini

Asubuhi tumekwenda kusini, upande wa maweni. Mimea ya huku inajibana kwenye nyufa za mawe na maji ya juu ya ardhi ni ya kutafuta. Tumepata konokono wachache kwenye dimbwi moja la kunyweshea. Mdomo kushoto, ganda jembamba zaidi kidogo. Nikadhani ni wale wale.

Siyo. Hawa ni Bulinus nasutus. Wa jana ni Bulinus globosus. Wanafanana kiasi kwamba kwa muda mrefu walikuwa wanachanganywa, mpaka watu walipoanza kuwapima kwa vinasaba miaka ya 1990. Hapo ndipo ramani ya kichocho ya Unguja ikaeleweka. Globosus yuko kaskazini na katikati, na kichocho kiko kaskazini na katikati. Nasutus yuko kusini, na kusini watu hawakojoi damu. Mnyoo wa hapa akimwingia nasutus hafanikiwi.

Lakini vuka bahari uende pwani ya Kenya, upande wa Kwale: huko nasutus anabeba kichocho cha watu bila shida yoyote. Ni aina ile ile ya konokono na aina ile ile ya mnyoo, kwa jina. Minyoo wa kila mahali wamezoeana na konokono wa mahali pao, kizazi kwa kizazi, na mazoea hayo hayahami kirahisi. Ndiyo maana mtu akiniambia "mnyoo fulani hubebwa na konokono fulani" siku hizi namuuliza: wapi?

Usiku tukapanda meli ya Pemba. Sehemu ya ndani ilikuwa na baridi ya kiyoyozi na watoto wanaotapika, tukahamia nje kwenye mabenchi. Dada akanisimulia hadithi ndefu, nami nimeiandika hapa kama nilivyoielewa.

Kwanza, ukoo wenyewe umetoka wapi. Zamani wengi walidhani Afrika, kwa kuwa aina nyingi za Schistosoma ziko huku na historia yake imeandikwa huku: Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alimwona mnyoo huyu kwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1851 akipasua maiti, na baadaye mayai yake yalikutwa kwenye maiti za Misri za enzi za mafarao. Kufikia mwaka 2000 vinasaba vilikuwa vimeanza kusema vingine. Kwenye mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vyenye DNA yake vyenyewe, jeni zimepangwa kwa mfuatano. Minyoo wa Asia, kama Schistosoma japonicum, wana mpangilio unaofanana na wa minyoo bapa wengine wa mbali kabisa. Wale wa Afrika, mansoni (yule wa kichocho cha tumbo) na haematobium na bovis, wana mpangilio uliovurugwa na kupangwa upya. Mpangilio unaofanana na wa wengine ndio wa zamani. Kwa hiyo wengi sasa wanaona ukoo ulianzia Asia, na tawi moja likaja Afrika na kuzaana hapa likawa matawi mengi.

Pili, kanuni ya kujua kwao mtu ni wapi. Fikiria chuo cha Kurani ambako kila mwanafunzi ananakili ubao wa mwenzake. Makosa madogo yanaingia, na anayenakili ubao wenye kosa analirithi. Chuo cha zamani kitakuwa na mbao zenye makosa ya kila namna. Chuo kipya kilichoanzishwa na wanafunzi wawili waliohama kitakuwa na makosa ya wale wawili tu. Kwenye minyoo ni hivyo hivyo: mahali penye tofauti nyingi za jeni ndipo walipokaa muda mrefu.

Utafiti wa 2005 uliwapima hivyo Schistosoma mansoni, wa kichocho cha tumbo, kutoka Afrika na ng'ambo. Tofauti nyingi kuliko kote zilikutwa Afrika Mashariki. Huku ndiko kwao. Na wale wa Amerika? Karibu wanafanana wote, na ndugu zao wa karibu wako Afrika Magharibi. Walivuka Atlantiki ndani ya miili ya watu waliofungwa minyororo kwenye merikebu za watumwa.

Hapo nikamkatiza: mnyoo akifika Brazili bila konokono wake anaishije?

"Konokono alikuwa anamsubiri," akasema.

Konokono wa kichocho cha tumbo ni Biomphalaria. Ukipima vinasaba vya ukoo huo unakuta mizizi yake iko Amerika ya Kusini. Miaka milioni kadhaa iliyopita mmoja wao, haijulikani kwa njia gani, labda kwenye tope la miguu ya ndege au gogo linaloelea, alifika Afrika na kuzaa ukoo wa huku. Mnyoo wa Afrika akamzoea. Kisha binadamu wakambeba mnyoo kumrudisha kwa ndugu wa konokono yule, upande wa pili wa bahari, akakuta nyumba iko wazi. Hata haematobium lazima alisafirishwa kwa wingi kwenye merikebu zile zile, ila Amerika hakuna Bulinus. Akaishia kwa waliombeba.

Nilikaa kimya kwa muda hapo. Nimesoma habari za utumwa tangu shule ya msingi, na sikutarajia kuzikuta zimeandikwa kwenye mnyoo.

Kwa haematobium wenyewe, kazi iliyochapishwa mwaka 2012 ilikuta makundi mawili. La kwanza limetapakaa Afrika bara, na ni ajabu jinsi linavyofanana toka magharibi hadi kusini, kana kwamba lilisambaa haraka. La pili liko visiwa vya Bahari ya Hindi na pwani inayopakana navyo tu. Zanzibar ina yote mawili. Mimi mtu wa Tanga naona mkono wa majahazi hapo. Dada anasema ni wazo zuri, lakini wazo zuri si ushahidi.

Jumanne, Mkoani hadi Chake Chake

Mkoani alfajiri, chai ya mkandaa na mkate wa ufuta, gari, kulala. Njiani tumepita Wawi, ilipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Mwitaliano mtaalamu wa vimelea. Sehemu kubwa ya mambo yanayojulikana kuhusu kichocho cha kisiwa hiki imepitia pale.

Jumatano, bonde la kaskazini

Pemba ni vilima na mabonde, vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga, na kila bonde lina mfereji. Mtu anayetafuta konokono hapa hana sababu ya kulalamika.

Bonde la leo lina kila kitu mahali pamoja. Juu kuna ng'ombe wamefungwa kamba kwenye minazi. Chini yao mfereji. Mita chache mbele, mawe ya kufulia, na watoto watatu wanaoruka majini wakituonyesha ufundi. Nilisimama nikatazama mkondo: kinyesi cha ng'ombe kinateremka na mvua moja kwa moja hadi kwa konokono. Mtu wa afya ya binadamu angewaona watoto kwanza. Mimi nimeuona mteremko.

Tulishaomba ruhusa kwa sheha, na mwenye ng'ombe, babu mwenye kofia ya viua iliyofifia, alikuwa anatusubiri. Baada ya salamu zote na habari za nyumbani zote nikamuuliza ng'ombe wametoka wapi.

"Yule mwekundu kazaliwa hapa. Hawa wawili wa bara."

"Bara ya wapi, babu?"

"Wa bara tu, mwanangu. Wanashuka bandarini, mchuuzi anauza. Walikuwa wa Idi. Mnunuzi hakurudi, nikawachukua mimi."

Hilo ndilo jambo nililolifuata bahari nzima. Ng'ombe wa kuchinjwa leo leo hana hatari kwa bonde. Ng'ombe aliyekosa mnunuzi akabaki miezi akinywa na kunya kando ya mfereji ni habari nyingine, maana minyoo hawa wanaweza kuishi miaka ndani ya mishipa yake wakitaga kila siku.

Glovu zikafanya kazi yake. Kinyesi cha kila ng'ombe tumekiosha kwa kupitisha kwenye machujio, kubwa hadi dogo, mpaka yakabaki mayai na takataka laini. Ukitia maji safi na kuweka kwenye mwanga, mayai yanapasuka baada ya muda na viluwiluwi wa kwanza wanatoka wakienda mbio kwa mstari ulionyooka. Kutoka kwa yule mwekundu hatukupata kitu. Kutoka kwa mmoja wa wale wawili tulipata kumi na moja, Dada akawatia wote kwenye kadi.

Na konokono wa mfereji, globosus, walitoa viluwiluwi pia. Wa watu au wa ng'ombe? Usiniulize leo.

Alhamisi

Mvua toka alfajiri hadi magharibi. Mfereji umefurika, konokono wamesombwa. Tumeosha gamboti.

Ijumaa, machinjioni

Saa kumi na moja asubuhi, taa moja, sakafu ya saruji, wachinjaji wenye haraka maana leo ni Ijumaa na nyama inatakiwa mapema. Hapa ndipo nyumbani kwangu na kwa mara ya kwanza Dada ndiye alikuwa anauliza maswali.

Ukitaka kumwona bovis, usihangaike na ini kwanza. Chukua utumbo, utandaze ule utando unaoubeba mpaka uwe kama pazia, uinue mbele ya taa. Mishipa inaonekana myekundu iliyokoza, na ndani ya baadhi yake kuna nyuzi nyeupe fupi, za sentimita moja na ushei. Subiri. Uzi ukijikunja ni mnyoo. Nilichana mshipa mmoja kwa ncha ya kisu nikatoa mmoja kwenye maji ya chumvi. Dume ni nene, jeupe, limejikunja kwa urefu likafanya mfereji, na ndani ya mfereji huo kalala jike, mwembamba, mweusi kwa damu aliyokunywa. Wanaishi hivyo. Minyoo bapa wengi wa jamii pana ya hawa kila mmoja ana dume na jike ndani yake. Hawa wa kichocho walikwenda njia nyingine, wakatenganisha jinsia, na hata jinsia yao inaamuliwa na kromosomu mbili, ambapo jike ndiye mwenye zile mbili zisizofanana, kama kuku.

Mchinjaji mmoja alitazama akauliza kama nyama inafaa. Inafaa. Kichocho hakiingii kwa kula. Alifurahi zaidi ya alivyohitaji.

Tumechukua majozi sita. Baadaye sala, pilau kwa jamaa wa dereva, kulala.

Jumamosi, maabara

Tumeazimwa chumba kwa siku mbili. Kwenye kila kadi unatoboa kiduara cha milimita mbili pale kiluwiluwi alipokaukia, unakiosha, unakitia kwenye kichupa na mchanganyiko, unakiingiza kwenye mashine ya PCR. Mashine inapasha na kupoza, inapasha na kupoza, na kila mzunguko unaongeza nakala za kipande kimoja cha jeni ya mitokondria inayoitwa cox1. Vianzio, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha nakala ianzie wapi, vimetungwa kwa ujanja: kwa haematobium kipande kinatoka na urefu wa herufi 543 za DNA, kwa bovis 306.

Kisha jeli. Unamimina sampuli kwenye vishimo, unawasha umeme, vipande vinakimbia. Kifupi kinakwenda mbali. Umeme wa chumba ulikatika katikati ya mbio na jenereta ikachukua muda, tukakaa gizani tukisikilizana pumzi.

Ulipowashwa mwanga wa buluu, mistari ilikuwa wazi. Konokono wa Unguja wote walikaa kwenye 543. Viluwiluwi wa yule ng'ombe wa bara walikuwa 306, na majozi ya machinjioni pia, kama tulivyotarajia. Konokono wa bonde la Jumatano wengi walikuwa 543. Mmoja alikuwa 306.

Konokono mmoja aliyeokotwa kwenye mfereji ule ule wa watoto alikuwa anatoa minyoo wa ng'ombe. Nilitaka kupiga simu nyumbani. Dada akasema twende tukale kwanza.

Jumapili

Leo Dada amenipoza. Mitokondria inatoka kwa mama peke yake. Mstari wa 306 unasema mama wa kiluwiluwi alikuwa bovis, baba hajulikani. Na hili si swali la kinadharia, kwa sababu minyoo hawa wawili wanaweza kuoana.

Watu waliooga mwaka 2013 kwenye mto mmoja wa kisiwa cha Corsica, Ufaransa, walianza kukojoa damu. Kichocho Ulaya! Vinasaba vilionyesha minyoo ya asili ya Senegali, na ndani yake mchanganyiko wa haematobium na bovis. Halafu mwaka 2019 ikachapishwa kazi iliyolinganisha minyoo wa Niger na wa Zanzibar. Wale wa Niger, waliotoka kwa watu, walikuwa na asilimia 3 hadi 8 ya jenomu, yaani DNA yao yote, iliyotoka kwa bovis, na si ya juzi: mchanganyiko ulitokea mamia ya vizazi vya minyoo nyuma, na kuna jeni moja ya bovis, inayotengeneza kimeng'enya kinachokata protini, ambayo imeenea kwa nguvu kama inayomfaa aliye nayo. Wale wa Zanzibar hawakuwa na alama hiyo.

Ndiyo maana Pemba inanihangaisha. Visiwani haematobium wamekaa muda mrefu bila bovis jirani. Sasa jirani ameletwa, na konokono wanayemtumia ni mmoja. Bado mtu na ng'ombe wana minyoo tofauti, na ili minyoo waoane lazima wakutane ndani ya mwili mmoja, jambo lisilotokea kila siku. Lakini Niger limetokea.

Kujua kama limetokea hapa kunahitaji jeni ya pili, iliyo kwenye kiini cha seli, inayorithiwa kwa wazazi wote wawili. Kwenye eneo linaloitwa ITS kuna herufi chache zinazotofautisha bovis na haematobium. Mnyoo wa baba na mama tofauti anaonyesha herufi zote mbili mahali pamoja. Hiyo haisomeki kwenye jeli. Lazima herufi zisomwe moja moja, na hapa hatuna mashine hiyo, kwa hiyo kadi zitapelekwa kwenye maabara iliyo nayo.

Zitakwenda pia kadi nilizokuja nazo kutoka machinjio za upande wa Tanga. Zikifanana na za bonde tutakuwa na dalili, ingawa nimekwisha jizuia kusema "ushahidi": kuna bandari nyingine ambazo hakuna aliyechukua kadi, na ng'ombe anayeshukia Pemba anaweza kuwa ametembea toka mikoa ya mbali kabla ya kuiona bahari. Hati za ng'ombe zinaandika bandari alikopandia. Haziandiki alikonywa maji.

Jumatatu, kwa sheha

Tumerudi bondeni kutoa taarifa, kwa kuwa si uungwana kuchota vitu vya watu na kuondoka. Sheha ametusikiliza hadi mwisho, wajumbe wake wanne pembeni, na yule babu wa ng'ombe naye kaja.

Swali la kwanza lilikuwa la dawa. Watoto hupewa prazikwanteli shuleni. Kwa nini ng'ombe wasipewe? Nikatoa kalamu. Kwa kipimo kile kile cha binadamu, miligramu 40 kwa kila kilo, ng'ombe wa kilo 250 anahitaji miligramu 10,000. Kidonge kina 600. Ni vidonge kumi na saba kwa ng'ombe mmoja, na vidonge vya shule si vya ng'ombe. Babu akauliza bei, nikamtajia, akavua kofia akajipepea.

Pendekezo langu ni la bei nafuu zaidi na nimeliandika kwenye taarifa: ng'ombe wa bara wapimwe kinyesi wanaposhuka, kwa machujio yale yale na mwanga ule ule, na atakayeonekana na mayai achinjwe mapema au atibiwe kabla hajapelekwa bondeni. Idara ya mifugo inasema kichocho ni cha watu wa afya, watu wa afya wanasema ng'ombe ni wa mifugo. Nitaipeleka taarifa kote kuwili nione nani atasaini kwanza.

Kwa hapa bondeni, hadi majibu ya ITS yaje, tumeomba jambo moja: ng'ombe wanyweshwe kwa ndoo, juu, mbali na mfereji.

"Na ndoo atabeba nani?" akauliza babu.

Wajumbe wakatazamana. Sheha akasema wenye ng'ombe wana kikao wiki ijayo, watalizungumza huko.